Magoti ya Mpiga Picha

Oketcho huuza viatu vya mitumba karibu na stesheni ya Tororo,
mtu wa kumwomba radhi hata kuku aliyemkanyaga.
Mugide akasema: huyu ndiye mwenye nyumba wetu,
yule katili wa filamu, mfukuza wajane.
Tulicheka. Naye alicheka,
akaziba mdomo kwa kiganja, kwa ajili ya pengo.

Nikalala chali kwenye vumbi la saruji,
kamera kifuani kama mtoto mwenye homa,
nikamtazama kutoka kwenye kamba za viatu vyake.
"Sogea. Usiseme neno."
Akasogea.
Kidevu kikawa jabali,
na Mwamba wa Tororo nyuma yake ukawa kichuguu,
na mbingu yote, na mawingu yake ya saa nane,
ikamwegemea begani kama mali ya urithi.
Hakuna kilichobadilika. Shati ni lile lile,
kifungo cha tatu hakipo.
Ni mimi tu niliyeshuka.

Pembe la ng'ombe halifichiki, husema watu.
Pembe yangu mimi imefichika mpaka leo:
hakuna atokaye kwenye sinema akisema
nimetishwa na mtu aliyelala chini.
Husema, yule bwana ni mbaya.

Tuliionyesha filamu ukumbi wa parokia,
shuka mbili zimeshonwa pamoja,
jenereta ikikohoa nje.
Awino, miaka sita, alikuwa amepakatwa na baba yake,
na baba yake alipomwinamia mjane pale kwenye shuka
mtoto akapiga yowe,
akateremka mapajani mwa baba
akamkimbia baba.
Oketcho akabaki mikono wazi
kama mtu aliyeangusha sahani isiyo yake.
Makofi. Mugide ananibana bega: Umeona? Umeona?

Niliona.

Usiku ule nikaitafuta simu ya zamani, yenye kioo cha nyufa,
na ndani yake sekunde kumi na tisa za mama.
Wodi. Mkeka sakafuni, vitanda vimejaa.
Mimi nimesimama. Nilikuwa na haraka,
nataka kumtumia Owor kule Juba aone hali ni nzuri.
Na mama,
Nyafwono aliyebishana na karani wa ardhi mpaka karani akavua miwani,
aliyebeba jiwe la kusagia kwa miguu kutoka Nagongera
kwa sababu la hapa halikumpendeza,
ni kitambaa cha kichwa tu, mabega hayapo,
nyayo mbili kule mbali kama za mtu mwingine,
na sakafu, sakafu tele, sakafu kila upande.
Anainua macho. Anauliza, "Umekula?"

Owor alipiga simu analia: amekuwa mdogo hivi tangu lini?
Nikausingizia ugonjwa.
Ulikuwa mwendo wa mita moja na nusu, kutoka jicho langu hadi lake,
na sikwenda.

Siku hizi suruali zangu hutoboka magotini kwanza.
Fundi wa cherehani ameniuliza kama nimeokoka.

Jumamosi nilikwenda kwa Oketcho nimebeba kamera
na maelezo marefu kuhusu lenzi.
Awino hakutaka maelezo. Alitaka kubonyeza.
Nikamwachia, mkono wangu chini ya wake,
na kwa kimo chake, kiunoni pa watu wazima,
baba akatokea kwenye kioo: kidevu jabali,
mbingu begani,
pembe ile ile niliyoilalia vumbini.
Nikajikaza, nikingoja yowe.
Lakini mtoto humwona hivyo kila asubuhi
akimfunga vifungo vya sare.
"Baba, umekatika kichwa," alisema. "Inama."
Akainama, akainama mpaka uso ukajaa kioo,
akacheka,
akasahau kuziba pengo.